Konde likigeuka mahame, udongo hupona au hufa?

Mama mmoja wa upande wa Hindi, bara ya Lamu, alikuja ofisini kwetu na madonge mawili ya udongo, ameyafunga kwenye leso. La kwanza kalichimbua kwenye konde analolimia kwa trekta kila masika. La pili limetoka chini ya mkorosho mkongwe, katika kipande ambacho familia yake ilikihama 2014, watu walipokimbia mashambulizi ya Mpeketoni.

"Mwanangu, kule nilikohama kumekuwa mwitu mtupu. Nikirudi nitakuta udongo au nitakuta mchanga?"

Nikatia kila donge kwenye gilasi ya maji. Lile la konde lilimomonyoka hata chai hatujaimaliza: tope chini, maji ya kahawia juu. La mkorosho likatoa mapovu machache, likatulia na umbo lake.

Kipimo hiki mtu yeyote anaweza kukifanya jikoni kwake. Kinachoshikilia donge ni mabaki ya majani yaliyooza, mizizi midogo na nyuzi za kuvu. Sehemu kubwa ya ardhi ya Lamu ni kichanga, haina udongo wa mfinyanzi mwingi wa kuigandisha, kwa hiyo uozo huo ndio gundi yenyewe. Ukiupindua juu kila msimu, joto letu huumaliza upesi.

Wazee walilima kwa kuhamahama. Walifyeka, wakachoma, wakapanda mahindi, pojo na simsim misimu miwili mitatu, kisha wakaliachia konde miaka mingi liote vichaka. Moto ule ulikuwa na gharama yake: majivu hubakiza kalsiamu na potasiamu, lakini nitrojeni nyingi huondoka na moshi. Vichaka ndivyo vilivyolipa deni hilo. Leo nafasi ya kuhamia ni finyu. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 101,539 katika kaunti ya Lamu. Ya 2019 ikahesabu 143,920. Kuchoma tunaendelea nako, ila miaka ya kupumzisha ardhi imekatwa.

Kisha likaja trekta. Simlaumu anayelikodi, maana jembe la mkono ni mateso na mvua haingoji mtu. Lakini diski, yaani sahani za chuma za jembe la trekta, ikipita kina kile kile mwaka baada ya mwaka, chini yake, kama sentimita 15 hadi 20, hujenga tabaka gumu. Chomeka fimbo ya chuma udongo ukiwa na unyevu, utasikia pale inapogoma. Mizizi ya mahindi hugoma papo hapo, na maji vilevile. Mvua kubwa ya Lamu huja kati ya Aprili na Juni, wakati konde limetoka kulimwa na halina hata jani la kulifunika. Maji yakikosa pa kuzama hutiririka na udongo. Milimita 1 tu ikiondoka kwenye ekari moja, umepoteza kama tani 5, na kwa macho hutaona kitu.

Je, ardhi iliyohamwa? Wako wanaohesabu kila mahame kuwa ardhi iliyoharibika. Mimi sikubaliani nao. Makonde ya bara ambayo Wabajuni, wenyeji wa pwani hii, waliyakimbia wakati wa vita vya Shifta, yaani vita vya serikali na waasi waliotaka kujiunga na Somalia, miaka ya 1960, mengi yalimezwa na vichaka, na chini ya kichaka majani huanguka, huoza, udongo ukajirudi. Lakini siwaungi mkono pia wanaosema achia tu, Mungu atarudisha. Konde likihamwa likiwa tupu na limechoka, matone ya mvua huligandisha uso kama sakafu, na mbegu hazipenyi. Kiangazi mifugo huingia kutafuta malisho, mchoma makaa hufuata miti iliyosalia. Njia ya ng'ombe huwa mfereji, mfereji ukawa korongo. Kwa hiyo mimi huuliza mambo mawili: liliachwa na nini juu yake, na nani aliingia baada ya mwenyewe kutoka?

Kwa mama yule jibu lilikuwa jema, mikorosho ilikuwa imesimama. Nikamwambia asichome. Afyeke kidogo kidogo, matawi na majani ayatandaze, miti mikubwa aiache. Mwaka wa kwanza atoboe mashimo ya kupandia kwa jembe badala ya kulima eneo zima, na mahindi ayachanganye na mbaazi, ambayo mizizi yake huzama ndani na majani yake huangukia palepale. Mahali penye mteremko aweke makinga maji ya kukata mteremko kabla ya mvua ya kwanza.

"Na nyoka?" akauliza. Swali la haki, maana moto hufukuza nyoka, na kwa hilo sina dawa zaidi ya buti na fimbo ndefu.

Akacheka, akafunga leso yake. Gilasi zile mbili akaomba aondoke nazo kama zilivyo, akawaonyeshe wanawe ambao tayari walikuwa wamempigia simu mwenye trekta.