Mtoto mchanga na kidatu cha sauti: maswali ya wazazi

Mtoto wa siku mbili anasikia nini tukizungumza?

Maneno bado hayaelewi, ila anashika jinsi sauti inavyopanda na kushuka, yaani kidatu. Tena alianza mazoezi kabla ya kuzaliwa. Mimba ikikaribia miezi sita, masikio huanza kufanya kazi. Mwili wa mama na maji ya uzazi hupunguza sauti kali zinazobeba konsonanti nyingi, lakini sauti nzito hupita. Kwa hiyo maneno ya mama humfikia yamefifia, na kiimbo chake kinafika vizuri.

Kidatu kina uzito gani kwenye lugha?

Inategemea lugha. Katika Kichina cha Mandarin, "ma" ya sauti ya juu iliyotulia ni mama, ya kupanda ni katani, ya kushuka kisha kupanda ni farasi, na ya kushuka ghafla ni kukaripia. Kidatu kinachobadilisha maana ya neno namna hiyo huitwa toni. Kinyarwanda, Kirundi, Kikuyu na Lingala nazo zina toni. Kiswahili kimo katika kundi dogo la lugha za Kibantu zisizo nazo, lakini sisi pia hutofautisha "Amekuja" na "Amekuja?" kwa kidatu tu.

Ubongo wa kichanga hupimwaje?

Mtoto ananyonya, anashiba, analala. Vihisio vidogo hubandikwa kwenye paji la uso na nyuma ya sikio, kisha silabi moja inachezwa sikioni tena na tena. Hakuna umeme unaoingia mwilini. Vihisio hunasa tu ule unaotoka kwenye ubongo wenyewe. Sauti ikipanda, mawimbi ya shina la ubongo, yaani sehemu yake ya chini inayoungana na uti wa mgongo, hupanda nayo, na kompyuta hupima yanaifuata kwa usahihi gani.

Je, mtoto wa Kichina huzaliwa na sikio la Kichina?

Hapana. Fuh-Cherng Jeng wa Ohio University na wenzake walichapisha mwaka 2011 ulinganisho wa vichanga wa Kichina na wa Kimarekani, pamoja na watu wazima wa pande zote mbili. Vichanga walifuata kidatu cha Mandarin kwa kiwango kinachokaribiana. Kwa watu wazima ndipo Wachina walipowaacha Wamarekani nyuma. Uwezo wa msingi tunazaliwa nao. Lugha tunayoishi nayo ndiyo inayounoa.

Basi lugha anayoisikia tumboni haibadilishi kitu?

Inabadilisha, ndiyo maana napenda kuusoma utafiti huo pamoja na ule wa Barcelona wa mwaka 2024. Huko walipima vichanga zaidi ya 100 wa siku chache tu. Waliosikia lugha mbili tumboni, kwa mfano Kikatalani na Kihispania, ubongo wao uliitikia vidatu vya aina nyingi zaidi. Wa lugha moja ulijielekeza zaidi kwenye kidatu cha lugha hiyo. Sioni mgongano hapo: mlango uko wazi kwa wote, na mimba huanza kuonyesha pa kupita.

Je, nitamchanganya nikimsemesha Kirundi, baba yake akimsemesha Kiswahili?

Hutamchanganya. Kila mmoja aseme lugha anayoimudu, tena kwa raha. Nasisitiza hili kwa sababu watoto wengi hunyimwa lugha ya bibi yao kwa hofu isiyo na msingi. Na Kirundi kina toni, kwa hiyo ni vizuri aisikie mapema: kati ya miezi 6 na 9, watoto wanaolelewa kwa Kiingereza pekee huanza kupoteza wepesi wa kutofautisha toni, ilhali wanaosikia lugha ya toni hubaki nao.

Nitajuaje kama hasikii vizuri?

Kichanga hushtuka au hupepesa macho kukiwa na kishindo. Akifika miezi sita anapaswa kugeukia sauti inakotoka. Usipoyaona hayo, mpeleke kliniki. Ikiwezekana, apimwe usikivu kabla ya mwezi mmoja hata kama huna wasiwasi: tatizo lithibitishwe kufikia miezi 3 na huduma ianze kabla ya miezi 6. Mweleze mhudumu kama mtoto alizaliwa njiti, alipata manjano kali au homa ya uti wa mgongo, kwani hayo huongeza hatari ya kupoteza usikivu.