Ploti ya Pembetatu: Vipimo Vitatu, Majibu Mawili

Ukiwasikiliza mabroka wa Nairobi, utadhani kila ploti ni futi hamsini kwa mia. Nenda Ruai au Kamulu uone vipande vinavyobaki pale barabara inapokata mshazari: pembetatu, na mara nyingi haina hata kona moja ya nyuzi 90. Pythagoras peke yake hapo hatoshi. Sisi masorveya tunategemea kanuni mbili za sekondari, ya saini (sine) na ya kosaini (cosine).

Kabla hujagusa kikokotoo, angalia una vipimo gani. Tuseme pande mbili ni mita 40 na 30, na pembe iliyo kati yao ni nyuzi 70. Hiyo ni kazi ya kosaini: 40² + 30² − 2 × 40 × 30 × kosaini ya 70 ni kama 1,679, na kipeuo chake cha pili ni mita 40.98. Huo ndio upande wa tatu. Eneo ni nusu ya 40 × 30 × saini ya 70, yaani mita za mraba 564 hivi. Broka anayezidisha 40 kwa 30 na kugawa kwa mbili atakuambia 600. Hizo 36 za ziada ni hewa, nawe utazilipia.

Ukiwa na pembe mbili na upande mmoja, tumia saini: kila upande ukigawanywa kwa saini ya pembe inayoukabili, jibu ni lilelile. Hapo hakuna utata.

Utata uko kwenye pande mbili na pembe isiyo kati yao. Tuseme kona za ploti ni A, B na C. Bikoni A (alama ya mpaka kwenye kona) ina pembe ya nyuzi 35, kutoka A hadi C ni mita 38, na kutoka C hadi B ni mita 25. B iko kwenye mstari wa ua unaoanzia A. Simama C na kamba ya mita 25, uizungushe: inaugusa ua mahali pawili! Umbali mfupi kabisa kutoka C hadi ua ni 38 × saini ya 35, karibu mita 21.8. Kamba fupi kuliko hapo haifiki. Ya mita 38 au zaidi ina B moja tu. Ya katikati ina mbili.

Ukitumia saini, kikokotoo kitakupa pembe B ya nyuzi 60.7 na kunyamaza, ilhali 119.3 ina saini ileile. Ploti ya kwanza ni mita za mraba 473, ya pili 206.

Kwa hiyo mimi hupima AB pia. Nikishapata pande zote tatu, naanza na pembe inayoukabili upande mrefu zaidi, kwa kosaini, maana kosaini ya pembe butu ni hasi na haifichiki. Pembe mbili zinazobaki lazima ziwe kali, kwa hiyo hizo naiachia saini.