Faini ya mwendokasi ugenini haiishii mpakani

Dereva anayevuka Daraja la Umoja pale Mtambaswala hutumia kama dakika moja tu juu ya mto Ruvuma. Daraja hilo lina urefu wa mita 720 na lilifunguliwa Mei 2010. Akishuka ng'ambo ya pili, Negomano, bado anaendesha upande uleule wa kushoto, na abiria wake wa Kimakonde wanasalimiana na wenyeji bila mkalimani. Ni rahisi ajione yuko nyumbani. Lakini sheria ya barabarani aliyoizoea imebaki Nanyumbu. Msumbiji ukomo wa mwendo kwenye makazi ni kilomita 60 kwa saa, si 50 kama huku kwetu, na nje ya makazi gari dogo halitakiwi kuzidi 120. Vibao vimeandikwa Kireno, na karatasi atakayoandikiwa akikosea itakuwa ya Kireno pia.

Katika mafunzo yetu ya madereva wa Mtwara na Lindi kuna kauli inayorudi kila mara mada hii inapofika: "Mimi kule ni mpita njia tu, watanipatia wapi?" Kauli hiyo husemwa na dereva wa lori anayevuka mpaka, na mfanyabiashara anayefuata mzigo Dubai, na mzazi anayekwenda kumtembelea mwanawe anayesoma Uingereza. Nataka kuijibu kwa kirefu, kwa sababu imewaingiza watu kwenye gharama kubwa. Nchi nyingi zimetunga utaratibu wa faini zikimfikiria hasa huyo mpita njia. Zinajua ataondoka, kwa hiyo zimehakikisha analipa kabla hajaondoka, au zimeweka mtu mwingine wa kumdai kwa niaba yao.

Tuanze na tunachokijua. Hapa Tanzania, Sheria ya Usalama Barabarani, ya mwaka 1973, inaweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, na mabasi na malori mazito hayaruhusiwi kuzidi 80. Ukipigwa tochi Mnazi Mmoja au Mingoyo, faini ya papo kwa papo ni shilingi 30,000, na hulipwa kwa kontroli namba, si mkononi. Deni linaandikwa kwenye namba ya gari. Ndiyo maana mtu akinunua gari la mkononi hukagua kwanza kwenye mfumo wa polisi kama halina madeni ya mwenye kuuza, na ndiyo maana ukimwazima mgeni gari lako aende Kilwa au Masasi, akipigwa tochi deni linabaki kwako. Gari linadaiwa, na mwenye gari anamtafuta aliyekuwa kwenye usukani. Ukilielewa hilo, umeshaelewa sehemu kubwa ya mambo yanavyokwenda huko nje.

Tofauti ya kwanza iko kwa askari mwenyewe. Uingereza, tangu mwaka 2009, askari anaweza kumtaka dereva asiye na anwani ya kuaminika nchini humo alipe amana palepale barabarani. Asipolipa, gari lake linaweza kuzuiwa lisiondoke. Italia sheria yao inamtaka mwenye gari lililosajiliwa nje alipe papo hapo au aweke dhamana, la sivyo gari linashikiliwa. Hispania asiye mkazi hulipa palepale na kupunguziwa nusu, na akishindwa gari lake linafungwa. Ufaransa nao wana utaratibu wa aina hiyo. Kwa hiyo yule anayesema "nitaondoka zangu" anasahau kwamba ili aondoke anahitaji gari, na gari ndilo linaloshikwa.

Wengi wetu, hata hivyo, hatuendi Ulaya na gari letu. Tunakodi. Na hapo ndipo watu wanapojidanganya zaidi, kwa sababu kamera haimsimamishi mtu. Unapita, taa inamulika au haimuliki, unarudisha gari, unapanda ndege, unafika nyumbani Nachingwea na kuanza kusimulia safari. Wakati huo polisi wa kule wameshaandika kwa mwenye gari, yaani kampuni ya kukodisha. Uingereza taarifa hiyo inatakiwa imfikie mwenye gari aliyesajiliwa ndani ya siku 14, na mwenye gari analazimika kisheria kumtaja aliyekuwa akiendesha. Kampuni haina sababu ya kukuficha. Inatoa jina lako, anwani yako na nakala ya leseni yako, kisha inakata ada ya usumbufu kwenye kadi ya benki uliyoiacha kwao. Ada hiyo si faini. Faini yenyewe inakuja baadaye, peke yake. Wapo wanaoona pesa imekatwa, wakadhani mambo yameisha, wakaacha barua ya pili bila kuifungua.

Barua hiyo ina shida yake kwetu, na naomba tulitazame jambo hili kwa makini. Italia ina siku 360 za kumpelekea mkazi wa nje taarifa ya kosa lake, wakati mkazi wa ndani hupelekewa ndani ya siku 90. Maana yake, safari ya Agosti inaweza kuleta barua Julai ya mwaka unaofuata. Na sisi anwani zetu ni za Sanduku la Posta, mara nyingi la shule, la ofisi, au la parokia. Barua inakaa kwenye sanduku la mwajiri aliyekwisha kukuhamishia Liwale, na muda unahesabika. Punguzo nalo lina muda. Italia makosa mengi hupunguzwa kwa asilimia 30 ukilipa ndani ya siku 5, na Hispania kwa nusu ukilipa ndani ya siku 20. Ufaransa faini ya kuzidisha mwendo kidogo mjini ni euro 135. Ukiwahi inashuka hadi 90, ukichelewa inapanda hadi 375. Kosa ni lilelile. Kinachoongeza gharama ni barua kulala posta. Unapojaza mkataba wa kukodi gari, andika barua pepe unayoifungua kweli, si ile uliyofunguliwa na mtoto ukasahau neno la siri, na uendelee kuikagua kwa mwaka mzima baada ya kurudi.

Dubai inahitaji nafasi yake, maana ndiko ndugu zetu wengi wa biashara wanakokwenda. Kule faini za mwendo zinapanda kwa ngazi. Kuzidisha hadi kilomita 20 ni dirham 300, hadi 30 ni dirham 600, hadi 40 ni 700, hadi 50 ni 1,000. Ukizidisha zaidi ya kilomita 80 juu ya ukomo ni dirham 3,000 na gari linazuiliwa siku 60. Gari la kukodi likizuiliwa, mikataba mingi inamtaka mkodishwaji alipe kodi ya siku zote ambazo gari halikufanya kazi, na hapo faini yenyewe huwa ndogo kuliko deni la kampuni. Pia kuna mtego wa kuvuka kutoka emirati moja, yaani mojawapo ya dola ndogo zinazounda Falme za Kiarabu, kwenda nyingine. Dubai kamera huachia kilomita 20 juu ya kibao kabla ya kukuandikia. Abu Dhabi iliondoa nafasi hiyo Agosti 2018, kwa hiyo kilichoandikwa kwenye kibao ndicho ukomo. Ni barabara moja, mwendo mmoja, na hakuna lango la mpaka la kukukumbusha. Amana uliyoweka kwa kampuni huwa hairudi siku ya kurudisha gari. Wanaishikilia kwa wiki kadhaa wakisubiri faini zijitokeze, basi usiipangie matumizi.

Uingereza mtego ni wa vipimo. Magari yao yanahesabu maili. Mshale ukiwa kwenye 50, dereva wa kwetu anajiona mstaarabu, kumbe anakwenda kilomita 80 kwa saa. Kwenye makazi ukomo wa kawaida ni maili 30, sawa na kilomita 48, na Wales tangu Septemba 2023 barabara nyingi za makazi zimeshushwa hadi maili 20, yaani kilomita 32. Adhabu ya chini ni pauni 100 na pointi 3. Usidhani pointi haziwezi kukugusa kwa kuwa leseni yako ni ya Tanzania, kwani wao hufungua kumbukumbu yenye jina lako na kuziandika humo, na zikifika 12 ndani ya miaka mitatu unaweza kuzuiwa kuendesha nchini mwao. Mwanafunzi au mfanyakazi anayehamia kule akumbuke pia kwamba leseni ya kwetu inamsaidia kwa miezi 12 tu tangu awe mkazi.

Kisha kuna viza. Fomu ya kuomba viza ya Uingereza inauliza moja kwa moja kama umewahi kupewa adhabu ya kosa la udereva, na inataja mwendokasi kama mfano. Kujibu "hapana" wakati kumbukumbu ipo ni kosa kubwa kuliko mwendo wenyewe, kwa sababu sasa unaonekana umedanganya. Kwa kijana wa Mtwara anayetaka kurudi kumalizia masomo, jibu la uongo kwenye fomu linaweza kumgharimu kuliko pauni zile 100. Ulipoadhibiwa, sema, eleza na ambatanisha risiti.

Nchi chache zinakwenda mbali zaidi na kupima faini kwa kipato. Ufini, kosa kubwa la mwendo hutozwa kwa siku za kipato cha mkosaji. Mwaka 2023 mfanyabiashara tajiri Anders Wiklöf alitozwa euro 121,000 kwa kwenda kilomita 82 kwa saa kwenye eneo la 50. Wengi huichukua habari hiyo kama kichekesho cha matajiri. Mimi naiona kuwa haki, kwa sababu faini inayomuuma bodaboda na kumpita tajiri bila kumgusa haijamfundisha tajiri kitu. Uswisi nao wana mizani ya kipato kwa makosa makubwa, na kuzidisha kilomita 50 mahali pa ukomo wa 50 kunahesabiwa kuwa jinai ambayo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka minne. Marekani kila jimbo lina sheria yake. Virginia, kupita maili 85 kwa saa ni uendeshaji wa kizembe, kosa la jinai ambalo kifungo chake kinaweza kufika miezi 12.

Madereva wetu wana desturi ya kupigiana taa kumtahadharisha mwenzao kwamba mbele kuna tochi. Kwenye kamera za wastani wa mwendo desturi hiyo haisaidii kitu, na Uingereza na Italia wanazo kwa wingi. Kamera ya kwanza inasoma namba ya gari, ya pili inaisoma tena kilomita kadhaa mbele, na kompyuta inagawa umbali kwa muda. Chukua kipande cha kilomita 10 chenye ukomo wa 100. Ukitii, kinakuchukua dakika 6. Ukikimaliza kwa dakika 5, ulikwenda kwa wastani wa 120, na kupunguza mwendo mbele ya kamera hakufuti dakika ile uliyoiokoa.

Sasa la kumalizana. Nalisema bila kuzunguka, kwa sababu naijua tabia hiyo barabarani. Usimpe askari wa ugenini "chai". Uingereza na Falme za Kiarabu kosa la mwendo ambalo lingeisha kwa faini linageuka kuwa rushwa, na rushwa haina faini ya papo kwa papo. Hata Msumbiji, askari akitaka pesa bila karatasi, omba kwa adabu andiko la kosa na risiti yenye namba, kisha lipa kwa njia rasmi. Mtu asiye na risiti hana cha kuonyesha akisimamishwa tena kilomita 40 mbele, wala kwa mwajiri wake akirudi. Na kwa wanaovuka kuelekea Cabo Delgado, hali ya usalama tangu mwaka 2017 inataka uulize mamlaka za mpakani kabla ya kuondoka na usiendeshe usiku. Kukimbia ili uwahi kabla ya giza kusiwe mpango wako wa safari.

Ukipata ujumbe wa faini kwa simu au barua pepe, usibonyeze kiungo kilichomo. Matapeli wameshagundua kwamba msafiri aliyerudi ana wasiwasi. Tafuta mwenyewe tovuti rasmi ya mamlaka iliyotajwa, ingiza namba ya taarifa na namba ya gari, uone kama deni lipo na kama picha ni ya gari ulilokodi. Kama hukuwa wewe, kila nchi niliyoitaja ina njia ya kupinga, na njia hiyo ina tarehe ya mwisho. Mara nyingi ukilipa umekiri, kwa hiyo amua kupinga kabla ya kulipa.

Ubalozi wetu, uwe wa Maputo, London, Abu Dhabi au Roma, hauwezi kufuta faini. Lakini ukikamatwa na kuwekwa ndani, Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu uhusiano wa kikonseli unakupa haki ya kuomba ubalozi ujulishwe. Iombe haki hiyo mapema, hapohapo kituoni, na uwe na namba ya simu ya ubalozi iliyoandikwa kwenye karatasi, kwa kuwa simu yako inaweza kuchukuliwa kabla hujaitumia.