Kivuli cha fimbo kabla ya simu ya video: kuunganisha darasa lako na shule ya nchi nyingine

Shule ikipata intaneti, jambo la kwanza huwa ni simu ya video. Wanafunzi 60 hubanana mbele ya kompyuta mpakato moja, wanapunga mikono, mmoja anauliza kama huko kuna baridi, dakika 40 za Zoom ya bure zinakatika, na wiki inayofuata hakuna cha kuendeleza. Mtandao hauna kosa hapo. Madarasa mawili yamekutana bila kazi ya kufanya.

Ushauri wetu kwa walimu ni kuanza na kazi moja ya pamoja, namba zisafiri kwa ujumbe wa kawaida, na video ije mwishoni wanafunzi wakiwa na cha kubishania. Kazi inayofaa sana kwa shule za Afrika Mashariki ni kupima mzingo wa dunia kwa kivuli, alivyofanya Eratosthenes wa Aleksandria zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Shule moja peke yake haiwezi. Inahitaji mwenzake aliye mbali, kaskazini au kusini, na hapo ndipo intaneti inapopata maana.

Tuseme shule ya Dar es Salaam imepata mwenza Helsinki, Finland. Chagueni siku karibu na Septemba 22 au Machi 20, jua la mchana linapokuwa juu ya Ikweta. Vifaa ni fimbo iliyonyooka, mita 1 kamili kutoka ardhini hadi ncha, timazi ya uzi na jiwe, futikamba, chaki na sakafu ya saruji iliyo sawa. Timazi isisahaulike: fimbo iliyoinama sentimita 2 tu kuelekea kaskazini au kusini inaharibu pembe kwa zaidi ya nyuzi 1, na nyuzi 1 hiyo itaongeza au kupunguza kilomita 600 hivi kwenye jibu.

Adhuhuri ya jua haiko saa 6 kamili. Saa yetu imepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na miji yetu mingi iko magharibi yake. Mwishoni mwa Septemba jua hufika juu kabisa Dar es Salaam karibu saa 6:15 mchana, Nairobi karibu saa 6:25, Kigoma karibu saa 6:55. Mwezi Machi ongeza robo saa. Kwa hiyo anzeni saa 5:50, mtie alama ya chaki kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika 3. Siku hizo alama zitajipanga kwa mstari ulionyooka, kutoka magharibi kwenda mashariki. Hilo ni msaada mkubwa, kwa sababu wingu likipita adhuhuri yenyewe, unganisheni alama mlizonazo kwa rula, kisha mpime umbali mfupi kabisa kutoka kitako cha fimbo hadi kwenye mstari huo. Dar es Salaam mtapata karibu sentimita 12, kivuli kikielekea kusini. Wenzenu watapata karibu sentimita 174, kuelekea kaskazini.

Ncha ya kivuli haina ukingo mkali, nao watalalamika zaidi kwa kuwa chao ni kirefu. Pimeni katikati ya ukungu. Ajabu ni kwamba kwao kukosea sentimita 3 hakufikishi hata nusu ya nyuzi, wakati kwenu sentimita 1 tayari imeipita. Wenye kivuli kifupi ndio wanaopaswa kuwa makini.

Pembe ya jua hupatikana kwa tanjenti, yaani urefu wa kivuli ukigawanywa kwa urefu wa fimbo. Wasioifikia watachora pembetatu kwa skeli na kutumia kipimapembe. Hapa ni karibu nyuzi 7, kule 60. Vivuli vikielekea pande tofauti, jumlisheni: nyuzi 67. Vikielekea upande mmoja, toeni. Umbali unaotakiwa ni wa kaskazini-kusini tu, si wa ndege kutoka mji hadi mji. Upimeni kwa uzi juu ya tufe la dunia, kwani ramani nyingi za ukutani huvuta nchi zilizo karibu na ncha ya dunia zikaonekana kubwa kuliko zilivyo. Ni kama kilomita 7,440. Duara zima la dunia ni nyuzi 360, kwa hiyo zidisheni kwa 360, gawanyeni kwa 67: karibu kilomita 39,980. Mzingo halisi kupitia ncha za dunia ni takriban 40,008.

Namba zenyewe huleta vurugu njiani. Finland huandika desimali kwa mkato: 1,74. Kubalianeni mapema kuandika milimita bila desimali, 119 na 1740, pamoja na tarehe na upande wa kivuli. Lazima iwe tarehe ileile, kwa sababu majira hayo jua husogea karibu nyuzi 0.4 kila siku. Saa si lazima zilingane, kila shule ina adhuhuri yake.

Picha ziwe za fimbo na alama, si za nyuso. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 na ile ya Kenya ya 2019 zinawalinda watoto pia, na mwaka 2023 shule moja Kenya ilitozwa faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kutumia picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Mwenza mtafute kupitia mitandao ya walimu kama iEARN, iliyoanza 1988, au GLOBE, mpango unaodhaminiwa na NASA ambao shule hutuma vipimo vya hali ya hewa na mazingira.

Sasa ndiyo simu, dakika 20. Zoom ya watu wawili yenye picha nzuri hutaka kilobiti 600 kwa sekunde kwenda na 600 kurudi, yaani karibu MB 540 kwa saa. Sauti pekee haifiki MB 80. Bando likiwa dogo, zimeni kamera. Kipaza sauti kiwe kimoja, anayezungumza akifuate, na spika isikielekee, la sivyo mwangwi utawashinda. Chini ya mabati, mvua ikianza ahirisheni.

Muda uandikwe 14:00 UTC+3 (saa ya kimataifa kuongeza tatu, ndiyo saa yetu), kamwe si "saa 8", maana mgeni atafika saa 2 asubuhi. Septemba saa ya Helsinki ni sawa na yetu. Baada ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba wao hurudisha saa nyuma, hivyo simu ya Novemba iliyopangwa 14:00 yao itakuwa 15:00 yetu, na huenda kengele ya kutoka imeshalia.