Je, wajua? Mbwa wa getini ana pua ya kazi kama mbwa wa polisi

Mbwa wa kawaida tu, yule wa Kayole au Rongai ambaye mama yake alikuwa koko na baba hajulikani, anaweza kufundishwa kutafuta kitu kilichofichwa kwa kutumia pua peke yake? Anaweza. Wengi huuelewa mchezo asubuhi ya kwanza, na vifaa vyote vimo jikoni.

Hili hupingwa sana, hata na watu wanaopenda mbwa. Nairobi tumezoea kuwaona mbwa wanusaji wakiwa kazini. Wapo wa polisi, na wapo wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, wanaokagua mizigo katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta wakitafuta pembe za ndovu. Wengi wao ni wa aina zinazojulikana, kwa hiyo mtu anahitimisha kwamba pua ile ni mali ya ukoo. Atanunua mtoto wa German Shepherd kwa bei ya juu akitarajia maajabu, na yule chotara aliyekuwapo miaka yote atabaki kufungiwa kibandani mchana kutwa na kufunguliwa usiku abweke hadi alfajiri.

Ushahidi hauungi mkono hitimisho hilo. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani, akiwamo Nathaniel Hall na Clive Wynne, walilinganisha aina tatu za mbwa katika jaribio la kutofautisha harufu. Mbwa alichagua chombo chenye harufu aliyofundishwa na kuacha kisicho nayo, kisha harufu ikapunguzwa hatua kwa hatua. German Shepherd walishindwa na pug, yule mbwa mdogo mwenye uso bapa ambaye hupumua kwa kukoroma. Greyhound, wenye pua ndefu kuliko wote, wengi wao hawakumaliza hata mafunzo, kwa sababu hawakuonyesha hamu.

Mbwa waliopimwa walikuwa wachache, kwa hiyo haifai kutangaza kwamba pug ndiye bingwa wa kunusa duniani. Lakini neno hamu ndilo la kushika. Mbwa wa uwanja wa ndege huchaguliwa kwa sababu hachoki kutafuta, hatishwi na kelele, na yuko tayari kufanya kazi saa nzima ili arushiwe mpira mmoja. Kisha hufundishwa kwa miezi. Hizo ni tabia na mazoezi. Pua yenyewe imejengwa kwa namna moja kwa mbwa karibu wote, na namna hiyo ni ya ajabu mno.

Mtazame mbwa anaponusa sakafuni, ukiwa umelala kifudifudi karibu naye. Havuti pumzi moja ndefu. Anavuta na kutoa kwa haraka, kama mara 5 kwa sekunde. Sasa angalia ncha ya pua: kila tundu lina mpasuko mdogo pembeni. Hewa huingia kwa mbele, lakini hutoka kupitia mipasuko hiyo, ikielekezwa kando na nyuma. Kwenye vumbi laini utaona vumbi likitimka pande zote mbili za pua.

Mpangilio huu una faida gani? Ukisimama kando ya barabara ya Thika na lori likapita kwa kasi, karatasi na vumbi hulifuata. Lori halikuvigusa. Limesukuma hewa, na hewa ya jirani imekimbilia kujaza nafasi iliyoachwa, ikabeba kila chepesi kilichokuwa ndani yake. Pumzi ya mbwa ikitoka kwa kasi kuelekea nyuma hufanya vivyo hivyo: hewa iliyokuwa mbele ya pua hukokotwa kusogea karibu, ikiwa na harufu ambazo hakuwa amezifikia. Akivuta tena, anakuta mzigo mpya mlangoni. Sisi tukitoa pumzi tunaisukuma harufu mbali. Mbwa akitoa pumzi anaiita.

Ndani nako njia zinagawanyika. Mtafiti Brent Craven na wenzake walipochora njia za hewa ndani ya pua ya mbwa mwaka 2010, waliona kwamba sehemu ndogo ya hewa inayoingia, kama asilimia 12, hupitishwa juu hadi kwenye chumba cha nyuma kilichojaa vipokezi vya harufu. Iliyobaki huendelea kwenda mapafuni. Mbwa akitoa pumzi, chumba hicho hakipepetwi. Harufu hubaki humo, na mvuto unaofuata huongeza nyingine. Kwetu sisi hewa ya kupumua na ya kunusa hupita njia moja, ikiingia na ikitoka.

Kutokana na hayo unaweza kupanga mchezo wenyewe. Chukua maboksi matatu ya katoni, weka omena kidogo ndani ya moja, yapange sakafuni na umwache. Usimwonyeshe kwa kidole. Akiingiza pua kwenye boksi lenyewe, msifu na umwongezee omena papo hapo, ndani ya boksi hilohilo. Akishaelewa, ongeza maboksi, kisha ficha nyuma ya mlango au chini ya kiti.

Utamwona siku moja akikwaruza chini ya ukuta wa uani ilhali omena iko juu ya dirisha. Wengi hapo humkemea. Hajakosea: upepo uligonga ukuta ukaishusha harufu ikatulia chini, na amefika pale ilipo nzito. Mpe muda. Atainua kichwa, atarudi nyuma hatua mbili, atazunguka, na pua itampandisha yenyewe. Hizo sekunde za kusitasita ndizo ninazozipenda kuliko zote, maana unamwona akifikiri.

Mbwa huyohuyo anaweza pia kufundishwa kuruka vikwazo, upande ambao nitaupitia haraka. Mchezo huo ulionyeshwa hadharani mwaka 1978 katika maonyesho ya mbwa ya Crufts jijini London, ukiiga mashindano ya farasi wa kuruka. Nyumbani kipande cha ufagio juu ya mawe mawili kinatosha, kisizidi kiwiko cha mbwa, na awe kwenye nyasi, si kwenye vigae vinavyoteleza. Mbwa ambaye hajafikisha mwaka asirushwe, kwa sababu mifupa yake bado inakua. Wenye miili mikubwa wasubiri zaidi.

Ila mpangilio una maana. Mbwa akishakimbia atahema, ulimi nje, na hewa anayoipitisha wakati huo ni ya kupoza mwili. Hawezi kuhema na kunusa kwa ukamilifu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kunusa kwanza, kuruka baadaye, na yote kabla jua halijawa kali. Kama uani kwenu ni finyu, msitu wa Karura huruhusu mbwa waliofungwa kamba. Huko usimvute akisimama kwenye kichaka, ameshaanza mchezo.

Husemwa sana kwamba dakika 10 za kunusa zinachosha kuliko saa nzima ya kukimbia. Usiichukue kama kipimo. Kilichopimwa ni kingine. Mwaka 2019 watafiti Charlotte Duranton na Alexandra Horowitz waliwagawa mbwa 20 wa nyumbani makundi mawili kwa wiki mbili: moja likafanya mchezo wa kunusa, jingine likafundishwa kutembea sambamba na mwenyewe. Kabla na baada, kila mbwa aliwekewa bakuli mahali pa utata, kati ya sehemu aliyojua ina chakula na sehemu aliyojua haina. Baada ya wiki hizo, walionusa waliliendea bakuli kwa haraka zaidi kuliko mwanzo, kama wenye matumaini. Wenzao hawakubadilika. Mbwa 20 si wengi, lakini kwa mnyama anayefungiwa saa 12 kila siku, hata dalili hiyo inastahili kutiliwa maanani.

Omena ikishakuwa rahisi, hamia karafuu, ambayo ni miongoni mwa harufu zinazotumika katika mashindano ya kunusa huko Marekani. Weka punje chache kavu ndani ya kopo lenye matundu, na omena kando yake, mpaka mbwa ajue kwamba palipo na karafuu pana zawadi. Kisha ondoa omena, na zawadi itoke mkononi mwako kila anapolipata kopo. Kopo lifungwe vizuri asimeze punje, na usitumie mafuta ya karafuu: ni makali mno kwa ngozi na tumbo lake.