Cape Town haikuua bandari yake

Kuna ujumbe unaozungushwa kwenye magrupu kila mara, ukidai Cape Town ilifunga bandari yake ili kujenga maduka na mikahawa. Si kweli. Gati za karne ya 19 zilikuwa finyu mno kwa meli za makontena, hivyo shehena ikahamia gati kubwa za jirani. Maghala yaliyobaki matupu ndiyo yaliyoanza kugeuzwa sehemu ya matembezi mwishoni mwa miaka ya 1980. Boti za uvuvi bado zinafunga pale, na chelezo cha mwaka 1882 kingali kinapokea meli za kukarabatiwa, karibu kabisa na wanunuzi. Picha nyingi hupigwa upande wa maduka, ndiyo maana watu huchanganyikiwa. Fungua picha za setilaiti ujionee, na ujumbe huo tafadhali usiusambaze.