GVHD sugu baada ya kupandikizwa uloto: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Mtoaji ni dada yake wa tumbo moja na vipimo vimelingana, kwa hiyo GVHD haiwezi kumpata." Inaweza. GVHD ni ugonjwa wa seli za kinga za mtoaji kumgeukia aliyepandikizwa. Vipimo vya HLA, yaani protini za utambulisho zilizo juu ya seli, vikilingana hatari hupungua, lakini haiishi, kwa sababu zipo protini nyingine ndogo zinazotofautiana hata kwa ndugu. Seli za kinga za mtoaji zikiziona, huushambulia mwili wa aliyepandikizwa: ngozi, macho, kinywa, ini, mapafu, maungio ya mifupa. Aliyerudishiwa seli zake mwenyewe, kama ilivyo kawaida kwa wagonjwa wa mailoma (aina ya saratani ya damu), kwa kawaida hakutani na tatizo hili.

"Siku mia tangu nipandikizwe zimepita, nimevuka." Hesabu hiyo ni ya zamani. Siku hizi madaktari hutazama dalili, si kalenda, na GVHD sugu mara nyingi hujitokeza ndani ya miaka miwili ya mwanzo.

"Nina GVHD, basi saratani imerudi." GVHD siyo saratani. Kwa aliyekuwa na saratani ya damu, seli hizohizo za mtoaji huwinda pia mabaki ya saratani. Ila asije mtu akaitamani GVHD kwa sababu hiyo, maana ikiwa kali hulemaza na huua. Na kwa mwenye selimundu, kama watoto wanaopandikizwa Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, haina faida yoyote.

Dhana inayoniumiza zaidi ni hii: "Prednisoloni inanivimbisha uso, nimejisikia nafuu, naacha." Tafadhali, usiache. Prednisoloni ni dawa ya steroidi inayotuliza kinga; ukiitumia kwa wiki nyingi, tezi za adrenali hulala, zikaacha kutengeneza homoni yake ya asili. Ukikatisha ghafla, presha inaweza kushuka hadi ukazimia, na ugonjwa ukalipuka upya. Dozi hupunguzwa kidogokidogo, kwa miezi. Kama madhara yamekushinda, mwambie daktari, kwani prednisoloni siyo njia pekee. Dawa za ruksolitinibu na belumosudili ziliidhinishwa Marekani kwa GVHD sugu mwaka 2021, aksatilimabu 2024. Ipo pia fotoferesisi: damu hupitishwa kwenye mashine, seli nyeupe zikatiwa dawa na kumulikwa mwanga wa urujuanimno, kisha zikarudishwa mwilini. Ni ghali, na hazipatikani kila mahali, lakini haki yako ni kuziulizia.

"Sikohoi, mapafu yangu mazima." Mapafu huziba kimyakimya. Ndiyo maana unaombwa kupuliza kwa nguvu kwenye kile kipimo cha pumzi, wapime hewa unayoitoa katika sekunde ya kwanza. Namba ikishuka kabla hujaanza kuhema ngazini, bado kuna cha kuokoa, kwa sababu njia za hewa zikishaweka kovu hazirudi.

Mengine kwa ufupi. Ngozi nyeusi nayo huchochewa na jua, kwa hiyo vaa kofia na mikono mirefu. Chanjo za utotoni hurudiwa, ila zenye virusi hai kama ya surua husubiri hadi dawa za kushusha kinga ziishe. Na homa, hata ikikujia usiku wa manane, ni ya kwenda hospitali usiku huohuo: maambukizi ni miongoni mwa yanayowaua zaidi wenye GVHD sugu.